Kilwa Kisiwani: uingilie wapi, na saa ngapi

Simu ya namna hii naipokea karibu kila likizo: "Kaka, tumefika Kilwa, tumezunguka mji mzima, geti la magofu hatulioni." Ukiwauliza wako wapi, kumbe wako Kivinje, mji mwingine wa Kilwa, wamesimama mbele ya boma la Wajerumani. Mwingine yuko Masoko kweli, mji wa kuvukia, lakini anabishana na mlinzi kwenye geti la bandari lisilohusika. Wa tatu amevuka salama, ameshushwa ufukweni, na sasa anauliza mbona jumba la Husuni Kubwa liko mbali hivyo, na mbona boti aliyokuja nayo imelala ubavu kwenye tope.

Kilwa Kisiwani haina geti. Ni kisiwa chenye watu wake, mashamba yao, mbuzi wao na watoto wa shule, na magofu ya mji wa kale yametapakaa katikati yao. Mlango ni pale utakapokanyaga mchanga. Napo pale hupachagui wewe peke yako, maana maji yakiwa yamejaa unaweza kuingilia upande mmoja, yakipwa huo umefungwa na mwingine umefunguka. Ukilijua hilo kabla ya kupanda basi, siku yako imeshanyooka.

Nimeandika kwa ajili ya anayekwenda mara ya kwanza, kwa siku moja, akitokea Lindi, Mtwara au Dar es Salaam.

Milango yenyewe

Mlango wa kwanza ni pwani ya Gereza. Hii ni pwani ya kaskazini ya kisiwa, inayotazamana na Masoko, na ndiko mashua za abiria zinakoshusha watu. Ukishuka tu, ngome ya Gereza iko mbele yako. Jina lisikutishe, wengi hulihusisha na neno la Kireno la kanisa, na Wareno ndio waliojenga ngome ya kwanza pale mwaka 1505, wakaondoka 1512. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la zama za Waomani. Ukitoka hapo, Msikiti Mkuu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Mlango wa pili ni Husuni Kubwa, mashariki zaidi, kwenye jabali linaloingia baharini. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100. Toka Msikiti Mkuu hadi huko ni zaidi ya kilomita moja. Boti inaweza kukupeleka hadi chini yake, ila kwa maji yaliyojaa tu.

Songo Mnara watu huiweka kwenye hesabu hii hii, na hapo ndipo siku nyingi huharibika. Songo Mnara ni kisiwa kingine, kusini zaidi, kwa boti ya injini ni saa nzima na ushee kwenda tu. Shirika la UNESCO liliyaandika magofu ya visiwa hivi viwili pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, ndiyo maana mtu akisoma anadhani viko kando kwa kando. Vitengee siku mbili. Kama una siku moja, nenda Kisiwani.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitambulisho. Raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni wa nje, lakini lazima uthibitishe uraia. Kadi ya NIDA au hata namba yake.
- Fedha taslimu, noti ndogo ndogo. Toa pesa Masoko kabla ya kuvuka. Nahodha hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi.
- Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila mtu. Magofu yako wazi, na jiwe la matumbawe linarudisha joto kama tanuri.
- Viatu vya kulowa: kobazi za mpira zenye mkanda wa nyuma. Ndala zinabaki kwenye tope. Raba za kutembelea zibebe mkononi.
- Ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya simu, kibali na nguo kavu. Nasema ndoo kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na begi la kitambaa halizuii wimbi.
- Nguo ya kusitiri: suruali ndefu au gauni, mikono ifike kwenye kiwiko, na kanga moja ya akiba. Kisiwani ni kijiji cha Waislamu, na unapita misikitini na makaburini.
- Tarehe ya mwezi mwandamo. Ndiyo, hii ni kitu cha kubeba, na ni muhimu kuliko kofia.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Hapa nitakaa kidogo, maana mengine yote yananing'inia hapa.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au umeandama mpya, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai vizuri wala hayapwi vizuri, na hujaa karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi.

Kwa mgeni wa siku moja hesabu inakuwa hivi ("mwezi 4" hapa ni siku ya nne ya mwezi mwandamo, si Aprili).

Mwezi 4 hadi 6, na mwezi 18 hadi 20: maji yanajaa kati ya saa 1 na nusu na saa 3 asubuhi, na bado yana nguvu. Hizi ndizo siku za kuingilia Husuni Kubwa kwa boti, kisha kutembea kurudi upande wa Gereza. Mimi binafsi nikiwa na uwezo wa kuchagua, nachagua hizi.

Mwezi 14 hadi 16, na mwezi 29 hadi 2: bamvua. Asubuhi maji yanakimbia. Usiguse Husuni kwa boti. Ingilia Gereza mapema, halafu maji yakishapwa utembee ufukweni hadi Husuni. Ufukwe unakuwa mpana, mtembeo ni mzuri, na kina mama wanaokota chaza na pweza kwenye miamba.

Siku za katikati, za maji mafu, ingilia Gereza na ukitaka Husuni pita njia ya juu, ya shambani. Ni ndefu kidogo kuliko ya ufukweni lakini haitegemei maji. Boti kwenda Husuni siku hizo inawezekana, ila kina ni kidogo. Nahodha akikataa, mwamini.

Kama huna kalenda ya Kiislamu ukutani, muulize mtu yeyote wa pwani. Mwaka juzi nilikwenda kumtafuta mzee mmoja wa Masoko aliyekuwa anavusha watu tangu zama za tanga tupu.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Keshokutwa maji yanajaa saa ngapi?"

"Leo mwezi ngapi?"

Sikujua. Akacheka, akaingia ndani kunywa chai yake, akaniacha barazani. Mpaka mkewe aliponihurumia akanitajia kwamba ni mwezi tatu, ndipo mzee akatoka na jibu: "Keshokutwa tano. Saa mbili asubuhi uwe umekaa chomboni."

Hatua ya 2: Fika Masoko, tena jioni ya kabla

Kuna Kilwa tatu. Kivinje ni mji wa karne ya 19, wenye majumba ya Waarabu na ya Wajerumani, mzuri kwa mambo yake lakini hauvushi mtu kwenda magofuni. Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, na ndiko kwenye gati. Kisiwani ndiko tunakokwenda.

Ukitoka Dar ni kama kilomita 300 kwenda kusini. Mabasi ya Kilwa hupatikana Mbagala Rangi Tatu. Ukitoka Lindi au Mtwara unapanda kaskazini. Njia zote zinakutana Nangurukuru, na hapo ndipo panapopoteza watu. Basi linalopita Dar hadi Mtwara halikuingizi Masoko. Litakushusha Nangurukuru, uchukue gari dogo la kumalizia kama kilomita 30. Mwambie konda mapema na uwe macho. Gari la Nangurukuru lina wanaoshuka njia panda ya Kivinje, wewe usishuke nao. Kaa mpaka mwisho.

Kulala Masoko si anasa. Mtu anayefika saa 5 asubuhi siku ileile ameshapoteza nusu ya milango. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya barabara: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii upande wa Kilwa, na watu walikaa njiani.

Hatua ya 3: Kata kibali kabla hujasogelea gati

Mtu akisisitiza kuwa lazima pawe na geti, basi geti ni ofisi. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara siku hizi yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Usishangae jina, serikali iligawa baadhi ya vituo vya malikale kwa taasisi za uhifadhi, na Kilwa ikawaangukia wao. Ofisi iko Masoko, upande wa bara. Bodaboda yeyote mjini anapajua ukimwambia "ofisi ya magofu".

Utaandikisha majina, utaeleza unakwenda kisiwa kipi, utapewa kontroli namba ulipe kwa simu au benki, na utapata kibali. Hakikisha kibali kimetaja kisiwa unachokwenda. Cha Kisiwani hakikuingizi Songo Mnara. Ofisini hapo pia ndipo pa kuomba mwongozaji. Usione hasara: magofu hayana vibao vya kutosha, na asiyejua atapita Msikiti Mdogo wenye kuba akidhani ni kichaka chenye ukuta.

Kama unavuka Jumamosi au Jumapili, kata kibali Ijumaa, na uwahi kabla ya adhuhuri, kwa sababu ya sala.

Onyo: Pwani utakutana na kijana atakayekwambia, "Kibali kipo, nipe mimi hiyo hela nikumalizie." Huenda ni mkweli. Lakini ukifika ng'ambo bila karatasi, atakayerudishwa ni wewe, na nauli ya mashua hairudi.

Hatua ya 4: Patana na nahodha kwa maswali manne

Gatini kuna vyombo vya aina mbili. Mashua ya abiria inayowavusha wanakijiji, ambayo ni rahisi, inaondoka ikijaa watu na inashusha Gereza tu. Na boti ya kukodi, ya injini au ya tanga, inayokwenda unakotaka na kukusubiri. Kwa mlango wa Gereza, ya abiria inatosha kabisa, na mazungumzo ya mle ndani ni bora kuliko maelezo ya mwongozaji yeyote. Kwa mlango wa Husuni lazima ukodi. Kuna ushuru mdogo wa gati pia. Uwe na sarafu.

Msalimie kwanza. Kisha uliza haya, kwa mpangilio huu:

Maji yanajaa saa ngapi kesho, na yanaanza kupwa saa ngapi? Utanishusha wapi hasa? Utanisubiri palepale au utanifuata upande mwingine? Bei hiyo ni ya kwenda na kurudi, pamoja na kungoja?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Ukishushwa Husuni asubuhi, boti isikae huko. Izunguke ikakungoje Gereza. Msipoambiana wazi, utamaliza kutembea saa 6 mchana uko Gereza, na boti iko Husuni, imepwelewa.

Maboya ya kujiokolea yahesabiwe kabla ya kuondoka, moja kwa kila kichwa, na mtoto apate la kumtosha. Mlango wa bahari hapa una upana wa kama kilomita mbili tu na unaonekana kama bwawa, lakini kusi, upepo wa kusini, ikivuma, kati ya Juni na Agosti, mchana panachafuka.

Hatua ya 5: Shuka pale ulipopanga

Nisimulie kosa langu, litakusaidia kuliko onyo. Nilikuwa na shangazi yangu kutoka Masasi, mtu wa bara, hajawahi kupanda chombo. Nilitaka kumfurahisha, nikasema hatuingilii kijijini kama wauza nyanya, tutaingilia kwa sultani. Mwezi ulikuwa 15 na tulichelewa chai. Tumeondoka gatini saa 3 asubuhi. Nahodha alinitazama mara mbili, lakini nilikuwa nimeshalipa, akanyamaza. Chini ya Husuni boti iligusa tope tukiwa bado kama hatua mia mbili toka ufukweni, penye mizizi ya mikoko. Shangazi alishuka, gauni limekusanywa magotini, viatu mkononi, makombe ya chaza yanamkata nyayo. Katikati ya tope akasimama akaniuliza: "Mwanangu, na huyo mfalme alikuwa anapita hapahapa?"

Hakuwa anapita hapo, shangazi. Jumba lilikuwa na ngazi zake zilizoshuka hadi ufukweni, na vyombo vilikuja na maji. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyuhuyu, na naamini hakuna aliyemvusha kwa maji kupwa.

Basi: ukiingilia Husuni, uwe umeshuka si chini ya nusu saa kabla maji hayajaanza kuondoka. Ukichelewa, mwambie nahodha ageuze kwenda Gereza. Hupotezi kitu isipokuwa kiburi.

Ukiingilia Gereza wakati maji yamepwa, boti itasimama mbali kidogo na utatembea kwenye maji ya goti. Hapo tope ni jepesi. Buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, akusikie na kuondoka.

Ukikanyaga nchi kavu, onyesha kibali kwa anayehusika, salimia wazee walioketi kivulini, halafu endelea. Usianze kupiga picha watu waliokaa vibarazani mwao.

Hatua ya 6: Tembea kwa mpangilio unaofuata mlango

*Ukiingilia Husuni:* anza na Husuni Kubwa jua likiwa bado pole. Tafuta birika la pembe nane, lile lililochongwa kwa ustadi. Wageni wote hupiga picha hapo. Mwanaakiolojia Neville Chittick ndiye aliyechimbua sehemu hizi miaka ya 1960, na maandishi yaliyopatikana humu ndiyo yaliyotaja jina la sultani aliyejenga. Kuta hazina uzio na ukingo wa jabali ni mkali: watoto washikwe mikono, na usipande ukuta kwa ajili ya picha. Pembeni, ng'ambo ya bonde dogo, kuna Husuni Ndogo, boma la mstatili ambalo wataalamu bado wanabishana lilikuwa la kazi gani. Dakika kumi zinatosha. Kisha shika njia ya juu kwenda magharibi, upite mashambani na kwenye mibuyu, mpaka Msikiti Mkuu.

*Ukiingilia Gereza siku ya bamvua:* usianze na Gereza, litakungoja. Nyoosha Husuni kwanza kwa ufukwe, kati ya saa 3 na saa 5 na nusu, na urudi kwa njia ya juu. Ukianza na misikiti ukasema ufukwe baadaye, utakuta maji yamerudi.

*Ukiingilia Gereza siku ya maji mafu, au una mtu asiyeweza kutembea sana:* Gereza, Msikiti Mkuu, Msikiti Mdogo, makaburi ya masultani, Makutani, basi. Hiyo ni ziara kamili. Husuni si faradhi.

Msikiti Mkuu usiupite haraka. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 na 12. Ile kubwa ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa karne ya 14, ikabomoka, ikajengwa upya karne ya 15. Ingia kwa upande wa kusini ukielekea kaskazini, uone kuta zinavyozidi kuwa za kale kadiri unavyokaribia mihrabu, pale anaposimama imamu. Na hapa kuna faida ya bure: toka Kilwa, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Kwa hiyo ukipoteza mwelekeo kati ya magofu, tafuta mihrabu ya msikiti wowote. Inakoelekea ndiko kaskazini, na kaskazini ndiko Masoko na boti yako.

Msikiti Mdogo wenye kuba uko hatua chache kusini-magharibi. Inua macho: kwenye dari zake kulipachikwa vibakuli vya kauri. Makutani iko magharibi, karibu na maji, nayo ni ikulu ya karne ya 18 ndani ya kuta nene. Wengi huiacha kwa sababu wamechoka. Ni kosa, maana kivuli kizuri kiko huko.

Chakula: agiza kwa mwenyeji asubuhi unaposhuka, usingoje hadi njaa ikushike. Samaki, wali wa nazi, ukibahatika pweza. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani. Maji yanyweni mkiwa pembeni magofuni.

Hatua ya 7: Rudi kabla ya saa 9 alasiri

Si kwa sababu ya kibali. Upepo wa alasiri huinua mawimbi, na mashua za abiria hupungua jioni.

Makosa yanayojirudia

Kukodi boti moja "kwa visiwa vyote viwili" kwa siku moja. Utavilipa vyote na hutakiona hata kimoja. Na Songo Mnara nako kuna mlango wake mgumu: unaingilia kwenye mikoko, na maji yakiwa yamepwa unatembea kwenye tope mwendo mrefu. Hesabu ya mwezi inahusu kule zaidi kuliko huku.

Kuokota vigae na ushanga ufukweni. Ni vingi, vinang'aa, na ni mali ya kituo. Viache. Magofu haya yalikuwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini toka 2004 hadi 2014, na bahari bado inakula ukingo; mikoko michanga ukiiona imepandwa ufukweni, usiikanyage wala kufunga kamba ya boti hapo.

Kwenda na viatu vyeupe. Sina la kuongeza.

Ukikwama

*Umeshuka Kivinje.* Usirudi Nangurukuru. Panda bodaboda au bajaji hadi njia panda ya barabara kuu ya Masoko, subiri gari linaloingia.

*Umefika Kisiwani maji yameshakimbia, ulipanga Husuni.* Shukia Gereza, fuata ufukwe kama bado kuna muda mpana kabla maji hayajarudi. Kama mwongozaji anasita, pita juu.

*Uko ufukweni kuelekea Husuni na maji yanarudi.* Usikimbie mbele ukidhani utawahi. Panda nchi kavu kwenye upenyo wa kwanza wa njia ya mashamba. Maji hayarudi kama ukuta, ila hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, ukajikuta umekatwa.

*Boti imepwelewa.* Hakuna wa kulaumiwa na hakuna wa kuisukuma. Kaa kivulini, chombo kitaelea chenyewe maji yakijaa. Kama una basi la kuwahi, rudi kwa mashua ya abiria kutoka Gereza na umalizane na nahodha wako kwa heshima. Hata yeye hakupanga kulala hapo.

*Nahodha anasema hawezi kukushusha Husuni ingawa ulishalipa.* Muulize sababu. Akisema maji au upepo, kubali, na mpatane apunguze bei kwa sababu njia imekuwa fupi. Akisema mafuta, hilo ni la mazungumzo, mlitakiwa mlimalize gatini.

*Una mzee au mgonjwa.* Ingilia Gereza kwa maji yaliyojaa, ili boti ifike karibu na asitembee kwenye maji. Siku za maji mafu ndizo zake: saa 4 asubuhi chombo kinasogea vizuri. Mwombe nahodha ubao wa kushukia kabla ya kuondoka Masoko, maana ukishafika ng'ambo ubao haupo.

*Ofisi imefungwa na una siku hiyo tu.* Kwenye mlango wa ofisi au kwa mlinzi kwa kawaida kuna namba ya simu ya afisa wa zamu. Mpigie, ujieleze, umngoje. Akishindikana, tumia siku hiyo Kivinje: tembea mjini, ule samaki wa kukaanga sokoni, na kesho yake uamkie ofisini saa 1 na nusu. Maji yatakuwa yamechelewa dakika 50 kuliko ulivyopanga, kwa hiyo piga hesabu upya kabla hujamwita nahodha.